Nozeli mpya, moshi ule ule: dizeli inageukaje ukungu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva wa watalii, naishi Sakina hapa Arusha, naendesha Land Cruiser ya injini ya 1HZ. Ilikuwa inatoa moshi mweusi mno nikitoka geti la Loduare kupanda ukingo wa Ngorongoro. Fundi akafungua nozeli zote sita, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, akazitesti mbele yangu kwa pampu ya mkono. Nne zilitoa ukungu, mbili zilitoa mchirizi na kudondosha. Tukanunua mpya sita. Sasa barabara tambarare gari ni safi, ila mlimani moshi bado upo, ingawa si kama zamani. Naomba unieleweshe. Mafuta yanatoka kwenye kitundu kimoja tu, yanageukaje ukungu? Mbona maji ya bomba hata nikibana kwa kidole yanaruka tu? Na kama ukungu sasa ni mzuri, moshi unatoka wapi? Kuna jamaa ananishauri niongeze shimu, yaani kibati chembamba cha kukaza springi, kwenye nozeli ili presha ipande na ukungu uwe laini zaidi. Nifanye hivyo?

Jibu: Marahaba. Nianze na hilo la kidole kwenye bomba, kwa sababu umeuliza swali zito kuliko unavyodhani.

Tuchukue simtanki lililokaa juu ya mnara wa mita 5. Maji yakishuka bila kuzuiwa hutoka chini kwa kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde. Kidole hakiwezi kuongeza kasi kupita hapo. Kinachofanya ni kupunguza maji yanayopita, msuguano ndani ya mpira unapungua, na presha ya tanki inafika karibu yote pale mdomoni. Ndiyo maana maji yanaruka mbali. Lakini mita 10 kwa sekunde ni karibu sawa na kasi ya tone kubwa la mvua likianguka, na tone la mvua halitui juu ya bati likiwa ukungu.

Sababu ni kwamba kila kimiminika kina mvutano wa uso. Chembe zake za juu zinavutwa ndani na wenzake, kwa hiyo tone hujikunja na kujishikilia. Ili lipasuke, hewa inayolipiga lazima ishinde mvutano huo. Wanafizikia wana kipimo cha ugomvi huu, namba ya Weber, iliyopewa jina la Mjerumani Moritz Weber. Unachukua uzito wa hewa kwa mita ya ujazo, unazidisha kwa kasi, unazidisha tena kwa kasi hiyo hiyo, kisha kwa kipenyo cha tone, halafu unagawa kwa mvutano wa uso. Jibu likipita 12 hivi, tone linabonyea, linafutuka katikati na kupasuka. Kwa maji, ambayo mvutano wake ni nyutoni 0.072 kwa mita, na hewa ya Arusha ambayo ni karibu kilo 1 kwa mita ya ujazo, kasi ya mita 10 inaweza kupasua tone la zaidi ya milimita 8 tu. Dogo kuliko hapo linapita salama. Angalia pia kwamba kasi imehesabiwa mara mbili. Ukiikuza mara kumi, nguvu ya kupasua inakua mara mia.

Sasa ingia kwenye injini yako. Nozeli za 1HZ hufunguka kwenye presha ya bar 150 hivi, yaani karibu mara 150 ya presha ya hewa ya kawaida. Ndani ya chumba kuna hewa iliyobanwa na pistoni, nayo inasukuma kurudi, kwa hiyo tuchukue tofauti ya bar 100 ili hesabu iwe nyepesi. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 830 hivi. Tofauti hiyo ya presha inaipa kasi ya mita 155 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 550 kwa saa, ukiacha kidogo kinacholiwa na msuguano. Mvutano wa uso wa dizeli ni 0.027, kidogo zaidi ya theluthi ya ule wa maji. Na hewa inayoipokea si hii tunayovuta hapa mjini. Imebanwa zaidi ya mara 20, kwa hiyo ina uzito wa kilo 20 hivi kwa kila mita ya ujazo. Kila kitu kimegeuka kuwa adui wa tone. Hata tone ambalo tayari limepunguzwa kasi hadi mita 50 kwa sekunde, hesabu ya Weber inasema litapasuliwa mpaka libaki la mikroni 6 au 7. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Matone halisi ya dizeli kwa kawaida huwa makubwa kuliko hayo, wastani wa mikroni 10 hadi 30. Hewa ya jirani huanza kusafiri pamoja na mafuta, tofauti ya kasi inapungua kabla kazi haijaisha, na vitone vingine hugongana vikaungana.

Hapo ndipo jibu la swali lako la kwanza lilipo. Tundu linatoa kasi, hewa ndiyo inayotengeneza ukungu. Shika hilo, kwa sababu tutalihitaji tukirudi kwenye mashine ya fundi wako.

Ila hatua zenyewe zinafaa kuonwa. Fungua bomba la jikoni mpaka maji yawe uzi mwembamba, kisha uinamie karibu. Juu uzi umetulia, hautikisiki hata kidogo. Chini yake unaanza kupata vifundo, na chini zaidi unakatika vipande, kila kipande tone. Hakuna upepo hapo. Ni mvutano wa uso peke yake unaotafuta umbo lenye eneo dogo zaidi. Mbelgiji Joseph Plateau, ambaye alikuwa amekwisha pofuka na kutegemea macho ya wengine kufuatilia majaribio yake, aliandika mwaka 1873 kwamba uzi wa kimiminika ukirefuka kupita mzingo wake hauwezi kubaki mzima. Miaka michache baadaye Mwingereza Lord Rayleigh akaleta hesabu kamili: matone yanayotokea huwa na kipenyo cha takriban mara 1.9 ya kipenyo cha uzi.

Dizeli ikikatika kwa utaratibu huo wa bomba la jikoni, uzi wa milimita 0.2 utatoa matone ya karibu milimita 0.4. Hayo hayafai kitu. Muda wa tone kukauka huenda kwa mraba wa kipenyo chake, maana yake tone la mikroni 380 linahitaji muda wa mara 360 hivi kuliko la mikroni 20. Injini yako ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, krenki inageuka digrii 20 kwa chini ya milisekunde 2. Mafuta yanatakiwa yaingie, yapasuke, yakauke, yachanganyike na hewa na kuanza kuungua karibu ndani ya muda huo huo.

Kwa kasi ya nozeli, hewa inaingilia mapema. Umepita Ziwa Duluti asubuhi upepo ukianza kuvuma, ukaona uso uliokuwa bapa unapata mikunjo. Uso wa dizeli inayotoka unapata mikunjo ya namna hiyo hiyo, ila ni midogo mno kuonekana kwa macho na inakua kwa muda mfupi sana. Ncha za mikunjo huvutwa na hewa zikawa nyuzi, nyuzi hukatika zikawa vitone, na hapo hesabu ya Rayleigh inarudi kazini, safari hii kwenye uzi mwembamba kabisa. Vitone vilivyo vikubwa bado hupasuliwa tena kwa kanuni ya Weber. Mafuta yenyewe nayo hayatoki yametulia. Yamepita kwenye kona kali ndani ya nozeli, yana msukosuko, na penye presha iliyoshuka ghafla hutokea mapovu ya mvuke yanayofumuka yakitoka nje. Mapovu hayo husaidia kupasua mafuta, na pia hula chuma cha nozeli taratibu.

Nikusahihishe kidogo kuhusu kitundu kimoja. Ni kweli nozeli yako ina tundu moja, lakini sindano yake, ile inayoifungua na kuifunga, ina pini inayochomoza ndani ya tundu hilo. Mafuta hupita kwenye mwanya wa mviringo uliobaki kati ya pini na ukuta. Kwa hiyo hayatoki kama uzi, yanatoka kama utando mwembamba wenye umbo la pia, na utando ni rahisi kupasuka kuliko uzi mnene. Tena hauingii moja kwa moja juu ya pistoni. Unaingia kwenye chumba kidogo kilicho ndani ya silinda hedi, ambamo hewa imesukumwa kwa nguvu kupitia njia nyembamba na inazunguka kwa kasi. Waliobuni injini hizi walijua nozeli ya bar 150 haiwezi kufanya kazi yote, wakaiachia hewa inayozunguka sehemu kubwa. Ndiyo sababu hizi injini huvumilia mafuta ya mashakani na nozeli zilizochoka, na ndiyo sababu pia zinakula dizeli zaidi kuliko injini zinazopuliza moja kwa moja juu ya pistoni.

Twende gereji sasa.

Kile ulichokiona kwenye pampu ya mkono sicho kinachotokea ndani ya injini. Pale mbele ya nozeli kuna hewa ya kawaida, kilo 1 kwa mita ya ujazo, mara 20 pungufu ya ile ya ndani. Hesabu ile ile ya kasi ya mita 50, ambayo ndani ilitoa mikroni 6 au 7, pale nje inatoa mikroni 130. Kwa hiyo ukungu wa gereji unaweza kuwa laini kwa macho lakini kwa kipimo matone yake ni makubwa, na mtu anayehukumu nozeli kwa kuangalia kama ukungu ni laini kiasi gani anahukumu kitu ambacho injini haitakiona kamwe. Sisemi mashine ile haina kazi. Ina kazi nne, na fundi mzuri anazifanya zote kwa dakika chache.

Anasukuma mkono wa pampu polepole huku macho yake yakiwa kwenye geji, aone sindano inaruka kwenye presha gani. Anaangalia kama mnyunyizo umenyooka, haukwepei upande mmoja. Anasikiliza: nozeli nzima hukoroma, sindano ikifunguka na kufunga haraka haraka, na mkono wenyewe unatetemeka. Iliyokwama au kuchafuka inapiga kimya. Halafu anashusha presha mpaka chini kidogo ya ile ya kufungukia, pungufu yake kwa bar 10 au 20 hivi, anaishikilia kwa sekunde 10 na kuangalia ncha. Ikilowa tu, hapana neno kubwa. Ikidondosha, imekwisha.

Jambo moja madereva wengi huliona vibaya. Nozeli ya pini, ukisukuma mkono wake kwa mwendo wa kati, inaweza kutoa mchirizi badala ya ukungu, na ukisukuma kwa nguvu ikatoa ukungu safi. Si ubovu. Pini imechongwa hivyo makusudi, ianze kwa kutoa mafuta kidogo na kufungua zaidi baadaye, ili injini isigonge. Kwa hiyo zile mbili zako, mchirizi peke yake usingetosha kuzihukumu. Kilichozihukumu ni kudondosha. Nozeli inayodondosha inaachia mafuta baada ya pampu kumaliza kusukuma, na mafuta hayo hayana kasi. Bila kasi, hewa hata ikiwa ya kilo 20 haiwezi kuyapasua. Yanabaki matone makubwa, yanaungua yamechelewa, mengine yanabaki kaboni kwenye ncha, na kaboni hiyo inapotosha mnyunyizo unaofuata. Ulifanya vizuri kuzitoa. Zile nne zilizobaki, kama zilikoroma, hazikudondosha na presha zake zililingana, mimi ningezirudisha nikaokoa hela.

Usiweke kidole wala kiganja mbele ya nozeli inapotestiwa. Mchirizi wa presha hiyo unapenya ngozi. Kidonda huonekana kama kitundu cha sindano, hakiumi sana mwanzoni, lakini dizeli iliyoingia ndani inaozesha nyama ya kidole kwa saa chache. Likitokea, ni hospitali papo hapo, na daktari aambiwe wazi kwamba ni dizeli ya presha.

Kwa nini tunahangaika na udogo wote huu? Chukua mpigo mmoja wa mafuta kwa silinda moja ukiwa umekanyaga sana, tuseme milimita za ujazo 40. Yakikaa kama tone moja, kipenyo chake ni milimita 4 na ushee, na uso wake ni milimita za mraba 56 hivi. Yapasue yawe vitone vya mikroni 20: unapata vitone zaidi ya milioni 9, na uso wa milimita za mraba 12,000. Joto la hewa linaingia kupitia uso huo. Mara 200 zaidi ya uso ni mara 200 zaidi ya mlango.

Kuna kitu kingine nakipenda katika hesabu hii. Kutengeneza uso mpya kunagharimu nishati, na gharama yake ni mvutano wa uso mara eneo. Ukipiga hesabu unapata takriban juli 0.0003. Kazi iliyofanywa na pampu kusukuma mafuta hayo kwa bar 100 ni juli 0.4. Yaani kupasua dizeli kunatumia sehemu moja tu kati ya 1,200 ya kazi ya pampu. Nyingine yote imekwenda wapi? Imekwenda kuisukuma hewa. Mnyunyizo unapoingia unaivuta hewa ya pembeni ndani yake, unaibeba, unaikoroga, na mwisho wa safari uzito wa hewa iliyobebwa ni mkubwa kuliko wa mafuta. Ukungu laini usiokutana na hewa mpya ni moshi mweusi unaosubiri kutokea.

Kwa gari za komoni reli, ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa, hilo limethibitishwa waziwazi. Presha yake hufika bar 1,600 na mifumo mingine 2,500, matundu ni madogo, milimita 0.1 hadi 0.2, na kasi inapita ya sauti katika hewa ya kawaida. Mwaka 2002 watafiti wa maabara ya Argonne ya Marekani na wenzao, wakipiga picha kwa eksirei, walionyesha mawimbi ya mshtuko mbele ya mnyunyizo wa mafuta. Walitumia eksirei kwa sababu mwanga wa kawaida haupenyi ukungu mzito wa karibu na nozeli. Na vipimo vya Dennis Siebers wa maabara za Sandia, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, vilionyesha kwamba umbali ambao dizeli inasafiri ikiwa bado kimiminika ndani ya hewa ya moto hautegemei presha ya kusukumia. Unategemea kipenyo cha tundu. Ukiongeza presha, mafuta yanakimbia zaidi, lakini yanavuta hewa ya moto zaidi kwa kiasi kile kile, kwa hiyo yanakauka mahali pale pale. Kwenye injini hizo matone si tatizo tena. Kinachoamua ni kuchanganyika. Yako ya 1HZ iko upande wa pili, matone bado yana usemi, lakini hata kwako mchanganyiko ndiyo mkubwa wao.

Kwa hiyo moshi wa mlimani. Moshi mweusi ni kaboni, dizeli iliyopikwa kwenye joto kali bila oksijeni ya kutosha. Oksijeni inaweza kukosekana mahali pamoja, kuzunguka matone makubwa, wakati kwingine ndani ya silinda imejaa. Hiyo ni kazi ya nozeli mbovu, na nozeli mpya zimeitibu, ndiyo maana tambarare uko safi. Au inaweza kukosekana silinda nzima, kwa sababu mafuta ni mengi kuliko hewa. Hiyo nozeli haiwezi kuitibu hata ukiagiza za dhahabu.

Mto wa Mbu pako kwenye takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa Ngorongoro unapita mita 2,200. Hewa ya kule juu ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Mto wa Mbu, na kwa karibu asilimia 20 kuliko ya Dar es Salaam. Injini yako haina tabo, inavuta inachokipata. Pampu yako inapima mafuta kwa ujazo na kufuata mguu wako, haijui kama uko pwani au ukingoni. Kilo moja ya dizeli inahitaji hewa kilo 14.5 hivi ili iungue yote, na injini ya dizeli lazima ibaki juu ya hapo kwa nafasi nzuri, maana haina muda wa kuchanganya kila kitone na kila pumzi ya hewa. Tuseme pampu iliwekwa Dar kwa uwiano wa 18 kwa 1 mguu ukiwa mwisho. Punguza hewa kwa asilimia 20 unabaki na 14.4. Hapo umeshavuka mstari, hata ukungu uwe mzuri namna gani.

Watu hupenda kusema hewa nyepesi inaharibu mnyunyizo. Ni kweli kwa kiasi kidogo sana. Umbali ambao mnyunyizo unapenya huongezeka kwa mzizi wa nne wa upungufu wa hewa, kwa hiyo asilimia 10 inakuwa chini ya asilimia 3. Mtu hawezi kuuona moshi wa asilimia 3. Anaouona ni wa oksijeni.

Sasa ufanye nini. Anza na chujio la hewa, kwa sababu vumbi la kutoka Loduare kuelekea Serengeti halina huruma na chujio lililoziba ni mlima mwingine juu ya mlima. Kisha mwambie fundi aangalie kama pampu yako ina kifaa cha kusikia presha ya hewa na kupunguza mafuta gari ikipanda. Pampu nyingine zinacho, nyingine hazina, na kwenye zilizo nacho mara nyingi kuna mtu alikichokonoa zamani akitafuta nguvu. Skurubu ya mafuta ya mzigo kamili nayo ni ile ile: ikizungushwa bila mashine, gari inavuta wiki mbili na dereva anafurahi, baadaye inakuja kudai pistoni mpya. Muda wa pampu kuanza kupuliza upimwe pia, kwa sababu ukichelewa mafuta yanaungua pistoni ikiwa imeshaanza kushuka na moshi unaongezeka. Na wewe mwenyewe ukiwa Loduare na wageni saba na mizigo, shusha gia, acha kukanyaga mpaka sakafuni. Baada ya hapo moshi mwepesi ukilazimika kukanyaga mwisho, kwa injini isiyo na tabo kwenye mita 2,000, siutegemei uishe kabisa.

Umeniuliza nje ya barua, kwenye ujumbe wa simu, kama inaweza kuwa dizeli iliyochakachuliwa. Mafuta ya taa ni mepesi, yanapuliza laini kuliko dizeli na kukauka mapema, kwa hiyo hayaelekei kukuletea ukungu mbaya. Madhara yake ni kwingine: hayalainishi. Pampu yako na sindano za nozeli zinalainishwa na mafuta yale yale zinayosukuma, hazina oili nyingine. Uchakachuaji unaua polepole, na ukianza kuonekana kwenye moshi, pampu imekwisha liwa. Kinyume chake ni mafuta ya mbono kaburi (jatrofa) yaliyokamuliwa tu bila kusindikwa. Mnato wake ni karibu mara kumi ya dizeli, mikunjo ya uso inazimwa kabla haijakua, matone yanakuwa makubwa na ncha zinajaa kaboni.

La mwisho, shimu. Usiongeze. Shimu inakaza springi ya nozeli, kwa hiyo inaamua sindano ifunguke lini na ifunge lini. Sindano ikishafunguka, presha inaamuliwa na kasi ya pampu na ukubwa wa mwanya, si springi tena. Kwa hiyo unaweza kupandisha presha ya kufungukia kutoka bar 150 hadi 170 na katikati ya mpulizo, ambako mafuta mengi yanapita, usibadilishe karibu chochote. Utakachobadilisha ni kuanza: pampu itahitaji muda zaidi kufikia 170, mpulizo utachelewa, na kuchelewa ni moshi. Pampu nayo itabeba mzigo ambao haikuundiwa. Faida pekee ya kugusa shimu ni kulinganisha, nozeli zote sita zifunguke ndani ya kiwango kinachoandikwa kwenye kitabu cha injini. Nozeli mpya hazitoki dukani zikiwa zimelingana kila mara, kwa hiyo muulize fundi wako kama alizipima kabla ya kuzifunga, na kama aliweka washa mpya chini yake. Kama hakuzipima, zitolewe zipimwe. Pampu ikibidi ishushwe, ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kuizungusha na kupima mafuta ya kila mdomo. Asiye nayo mwachie nozeli tu.